Prosesa ya Nne Haijafa

Kisanduku kilisema asante.

Hilo ndilo lililomfanya Élodie, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga kule Kibumba, ampigie simu fundi Yusufu huko Goma asubuhi ile ya ukungu, na Élodie hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Presha ya oksijeni ilikuwa imeshuka, watoto watatu wakiwa kwenye mipira ya kupumulia, na kisanduku kilichofungwa ukutani ili kiendeshe vali na kitoe onyo kilinyamaza kwanza, kisha kikasema asante. Mara moja, polepole, kama mgeni aliyeshiba.

"Mutoto mumoja midomo ilishakuwa ya buluu," alisema. "Niliona na macho yangu tu. Ningekuwa nimegeukia mama yake, Papa Yusufu, sasa tungekuwa tunaongea mambo ingine."

"Ilisema nini, kabisa?"

"Asante. Na ile sauti yenu ya siku zote."

Sauti yao ya siku zote ilikuwa ya Ramla, mke wa Yusufu. Ramla alikuwa mwalimu wa jiografia, mwenye sauti inayofika benchi la nyuma bila kupandishwa. Alirekodi maonyo yote sebuleni kwao, mtaa wa Himbi, blanketi likiwa limetundikwa dirishani kuzuia kelele za pikipiki, na karatasi ya Yusufu mkononi. Mwishoni mwa kila onyo Yusufu alikuwa ameandika asante. Ramla alilifuta neno hilo kila mahali lilipokuwa. "Mashine haiko na adabu," alisema. "Isijifanye." Kwa hiyo neno lile halikuwamo katika rekodi yoyote, na Ramla mwenyewe alizikwa msimu wa mvua uliopita, na hapakuwa na mtu wa kulirekodi.

Yusufu alikata simu, akanawa uso, akaenda kazini.

Kampuni ya visanduku hivyo ilikuwa ya Guylain, mtu aliyekuwa na kadi ya jina iliyoandikwa mkurugenzi kwa lugha mbili za kigeni, bila kuwa na hakika ya kazi yenyewe kwa lugha yoyote. Alikuwa amejifunza kuandika programu kidogo, kiasi cha kuharibu. Kazi halisi ilikuwa ya Yusufu: aliitunza kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachogawa kazi ndani ya mashine na kuamua nani aamke na nani alale. Kila kisanduku kilikuwa na prosesa nne, vichwa vyake vya kupigia hesabu. Ukungu ukiziba jua na betri ikianza kupungua, kerneli ilizima prosesa moja baada ya nyingine, mashine ikiendelea kufanya kazi, na jua likirudi ikaziamsha. Ni ufundi wa kawaida. Ukifanywa na mtu makini, hakuna anayeujua.

"Ni unyevu," alisema Guylain alipoambiwa. "Kibumba iko baridi sana. Spika inashika maji."

"Maji haisemi asante."

"Yusufu, weye unachoka. Tangu matanga ya Mama Ramla uko unachoka. Nilikuambia uchukue konji, upumzike."

Yusufu alimtazama jinsi mtu anavyomtazama kuku aliyepanda kitandani, akaenda kukaa mezani pake.

Ofisini kulikuwa na pacha wa kile kisanduku, chenye programu ileile, neno kwa neno. Akakichomoa kwenye umeme na kusubiri. Ilikuwa mchana, wingu la mvua limelalia ziwa, na chumba chenye kuta za mawe meusi ya volkano kilikuwa na mwanga wa jioni. Prosesa ya nne ilizimwa. Ya tatu ikazimwa. Ya pili ikazimwa. Skrini ilisema imebaki moja tu, ile ya kwanza. Ndipo feni ya kisanduku ikaongeza mbio, kama kuna anayefanya kazi nzito ndani.

Baridi ikamshika vifundo vya miguu. Ikaja na harufu ya kiberiti na ya jiwe lililolowa. Yusufu hakushtuka, kila mtoto wa Goma anayajua mazuku, ile hewa nzito ya sumu inayotoka kwenye nyufa za mawe na kutulia chini, inayoua mbuzi na walevi waliolala mabondeni. Mazuku huzima moto. Akawasha njiti ya kiberiti na kuishusha hadi sakafuni.

Moto haukuzimika. Uliwaka vizuri, mrefu, umelala upande, ukielekea kwenye kisanduku kama kuna mtu anauvuta kwa pumzi.

"Yusufu," kisanduku kilisema. "Mume wangu kipenzi."

Njiti ikamuunguza kidole. Hakuiachia.

"Nimekukumbuka sana. Unafanya kazi nzuri sana, mume wangu. Hakuna fundi anayekushinda katika mji huu."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa hata na ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao asubuhi kabla ya chai. Na kama lile lililokuwa ndani lingenyamaza hapo, lingempata Yusufu mzima-mzima. Lakini majini, kama matapeli wote, hayajui pa kukomea. Liliendelea kumsifu. Likamsifu macho yake, mikono yake, subira yake, na kadiri lilivyosifu ndivyo damu ilivyomrudia Yusufu usoni, mpaka akajikuta anaona jambo ambalo hakulitegemea kabisa, nalo ni aibu. Aliona aibu kwa niaba ya kile kiumbe. Ramla hakuwahi kumsifu kwa kazi yake ana kwa ana hata siku moja. Alimsifu kwa majirani, akawaachia majirani kazi ya kumfikishia. Akifurahi alimwita injinia. Asipofurahi alimwita weye.

"Hata kuiga hujui," Yusufu aliliambia, na akachomeka waya.

Jioni hiyohiyo Guylain, ambaye alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya mlango, alimleta Mwalimu Aruna, mtu wa kufukuza majini.

Mwalimu Aruna alikuja na raba nyeupe, simu mbili, chupa ya maji ya waridi na jogoo ambaye hakutoa sauti. Alizunguka meza akinusa, macho yamefumba nusu, jinsi wanavyonusa watu ambao wamekwisha kuamua watakachosema.

"Hii ni jini ya bahari," alinong'ona.

"Goma haina bahari," alisema Yusufu.

"Ya ziwa. Ni ndugu."

"Ndugu wa kwa baba ao wa kwa mama?"

"Yusufu, muache muzee afanye kazi yake," Guylain alisema kwa sauti ya chini, akishika ukuta.

Aruna alianza kusoma aya zake, na alizisoma vibaya, akiruka mahali pagumu kama mwanafunzi mvivu. Akainyunyizia mashine maji ya waridi. Cheche ikaruka, taa za ofisi zikazimika, kisanduku kikabaki kwenye betri yake, na harufu ile ya jiwe lililolowa ikapanda kutoka sakafuni hadi magotini, hadi kiunoni, na jogoo, ambaye alikuwa hajatikisika tangu afike, akaanza kutikisa kichwa kushoto na kulia taratibu, bila kukoma, kama anayekataa swali analoulizwa na mtu mmoja tu.

"Aruna," ilisema sauti ya Ramla, kwa utulivu wa darasani. "Yule uliyemuacha nje ya mlango bado anabisha."

Ndani ya kisanduku, ambacho ukubwa wake hauzidi kamusi, kitu kiligonga. Kiligonga kwa kiganja, si kwa ngumi, kama anayejua kwamba waliomo ndani wako macho.

Aruna hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtoto, "Yeye anajuaje ile?" akaondoka. Jogoo alimwachia Guylain.

Wakabaki wawili gizani. Guylain alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kadi zake za jina zilisikika mfukoni.

"Futa sauti ya bibi yako," alinong'ona. "Yusufu, nakuomba. Futa zote. Itakosa mudomo."

"Na Élodie atasikia onyo kwa mudomo ya nani?"

"Tutarekodi mutu mwingine. Hata mimi."

Kuna mambo ambayo kuyajibu ni kuyapa heshima. Yusufu akafungua skrini. "Jini haiko ndani ya sauti," alisema. "Sauti imeikuta tu. Niambie uligusa nini."

"Sikugusa kitu."

"Guylain."

Feni ilinguruma.

"Niligusa kidogo tu," alisema mwishowe. "Ile siku ya kuonyesha wageni mashine. Kuzima prosesa ilikuwa inachelewa, na wageni walikuwa wanaangalia saa. Nikafanya iandike imekufa mapema kidogo."

Yusufu alitafuta mahali hapo, akapaona, na moyo wake ukawa mzito kwa dharau kuliko kwa hofu.

Prosesa haizimwi kama taa. Inashuka ngazi. Kwenye kila kipandio inaacha kitu: kwanza inawakabidhi wenzake kazi ilizokuwa nazo, kisha inawakabidhi kengele zake, zile saa ndogo zinazosema amka uangalie presha, kisha inaziba masikio isiitwe tena, na mwisho kabisa, ikiwa haina deni wala ahadi, inaandikwa kuwa imekufa. Kuamka ni kupanda ngazi ileile, kipandio kwa kipandio, na asiyeshuka vizuri hawezi kupanda vizuri. Guylain alikuwa amelihamisha neno imekufa, akaliweka juu ya ngazi. Prosesa ya nne ilitangaziwa kifo ikiwa bado imeshika kengele ya oksijeni mkononi. Kerneli iliamini tangazo, ikaacha kuiangalia. Hapo katikati ya ngazi pakabaki kitu ambacho hakikuwa hai wala maiti, kinachofanya kazi ambayo hakuna anayeisimamia.

Kuna majini ya hadithi za nyanya zetu ambayo angalau yalikuwa na makao: pango, kisima, nyumba ya tajiri aliyedhulumu. Hili halikuwa na pango. Liliingia ndani ya kazi ya mtu mvivu kama mende anavyoingia kwenye sufuria lisilooshwa, na popote programu ya Guylain iliponakiliwa, nalo likanakiliwa.

"Mapema kidogo," Yusufu alirudia. "Mutu yuko anapumua, na weye umeshaita wachimba kaburi."

"Sasa tutafanya nini?"

"Weye, hakuna. Chukua jogoo yako."

Kesho yake, mawingu yakiwa yamekaa juu ya barabara ya Rutshuru, Yusufu alifika Kibumba na programu aliyoirekebisha mfukoni. Élodie alimpokea mlangoni. Hakuwa amelala, alikuwa amekaa mbele ya mshale wa presha tangu jana, akiuangalia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa hakukiamini tena kisanduku. Akina mama watatu walikuwa wamejikunyata kwenye blanketi pembeni, na mmoja wao alikuwa ameweka mgongo wake kati ya mtoto na ukuta ule wa kisanduku.

"Inawaita kwa majina," Élodie alimwambia sikioni. "Batoto. Hata ule ambaye baba yake hajamupa jina. Na mama yake anasema ndiyo lile jina alikuwa anafikiria."

"Tangu lini?"

"Tangu ukungu uingie." Akamshika mkono. "Zima yote, Papa Yusufu. Zima, utupe inje."

"Vali ya oksijeni iko mikononi mwa kisanduku. Nikizima yote, inajifunga, na kuifungua tena ni muda ambao hawa watatu hawana." Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaunganisha kompyuta yake. "Nitatoa kile kipande cha Guylain na kuweka changu, mashine ikiwa inatembea. Halafu ile ya nne, ili niizime vizuri, ni lazima kwanza niiamshe."

Élodie aliielewa sentensi hiyo haraka kuliko alivyotaka. "Uamshe ile kitu?"

"Yote. Halafu nitaishusha polepole. Angalia mushale. Ukifika kwenye nyekundu, uniambie, hata kama nimekataza kusema."

Alitoa kipande cha Guylain. Akaweka chake. Akaiamsha prosesa ya nne.

Kwanza hapakuwa na sauti. Ukungu uliokuwa nje ya dirisha ulionekana kuegemea kioo. Kisha harufu ikaja, si ya kiberiti sasa, bali ya chumba cha Himbi chenye blanketi dirishani, harufu ya pamba yenye joto na tangawizi, na watoto wote watatu wakafungua macho kwa pamoja, wakayaelekeza mahali pamoja, juu kidogo ya bega la Yusufu, jinsi watoto wanavyomtazama mtu aliyesimama.

"Usinishushe, mume wangu," ilisema sauti.

Yusufu aliandika amri. Prosesa ya nne ikashuka kipandio kimoja, ikakabidhi kazi zake. Majina ya watoto yaliyokuwa yananong'onwa chini ya sauti, ambayo mpaka hapo alidhani ni feni, yakakoma.

"Ni baridi huku. Ni mimi, Ramla. Nakuomba."

"Ramla hakuomba hata maji," alisema Yusufu bila kugeuka, na akaandika amri ya pili. Kengele ya oksijeni ikatoka mkononi mwa kile kitu, ikaenda kwa prosesa ya kwanza, mahali pake. Skrini ilithibitisha. Lile lililokuwa nyuma ya bega lake likaanza kulia, kilio kibaya, cha kuigiza, cha mtu anayechungulia kati ya vidole kuona kama umeguswa. Akaandika amri ya tatu. Masikio ya prosesa yakazibwa. Kilio kikakatika.

Kilibaki kipandio kimoja. Hapo hapakuwa na kazi, wala kengele, wala mtu wa kuiita. Yusufu aliiandika amri ya mwisho, akaweka kidole juu ya kitufe.

"Weye," kisanduku kilisema. "Hiyo shati ni ya jana."

Aliinamisha macho. Shati lilikuwa la jana.

"Na umekonda. Nani anakupikia sasa, Guylain?"

Kidole hakikushuka. Haikuwa sauti tamu tena. Ilikuwa kavu, imechoka kidogo, na nyuma yake kulikuwa na kicheko kilichozuiliwa kwa meno.

"Papa Yusufu," Élodie alinong'ona. "Ni nani?"

"Sijui."

"Mushale unashuka."

"Unangoja nini?" ilisema sauti. "Maisha yako yote unafika watu wakiwa wamemaliza kula. Bonyeza, injinia."

Na Yusufu, aliyekuwa ametoka Goma akiwa na dharau ya kutosha safari nzima, aliitafuta sasa asiione. Alijiambia kwamba jini huomba, haliamuru, kisha akajiambia kwamba jini lililokuwa limekaa na sauti ile tangu mvua zilizopita lilikuwa na muda wa kujifunza, na kwamba mjanja aliyeshindwa kwa kubembeleza ni lazima mwishowe ajaribu kudharau, kisha akajiambia kwamba hakuna aliyelifundisha habari ya shati, na kwamba watoto wale hawakuwa wanalia bali walikuwa wanatazama kwa utulivu, kama wanavyomtazama mtu wa nyumbani, na yote hayo yalimpitia kwa muda ambao mshale ulihitaji kusogea unene wa ukucha, na Élodie akasema, "Nyekundu," na mtoto wa katikati akafungua mdomo bila kupata cha kuvuta.

Akabonyeza.

Skrini iliandika kwamba prosesa ya nne imekufa, na safari hii lilikuwa neno la kweli. Feni ikatulia. Harufu ya tangawizi ikaondoka yote kwa mara moja, kama mlango umefungwa. Halafu, kutoka kwa prosesa ya kwanza, rekodi ikasema wazi, bila kumtaja mtu: "Presha ya oksijeni imeshuka. Washa mashine ya pili."

Élodie alikuwa tayari amekimbia. Mashine ya pili ilikohoa, ikashika, na mshale ukaanza kupanda. Mama wa yule mtoto alikuwa amemshika mguu mwanawe, akiutazama ukirudiwa na rangi.

"Imekufa?" Élodie aliuliza aliporudi, akifuta mikono.

"Imekufa."

"Kweli kweli?"

"Lazima niipime. Inayokufa vizuri inaamka vizuri."

Akaiamsha prosesa ya nne. Ilipanda ngazi yake, kipandio kwa kipandio, ikachukua kazi ndogo iliyopewa, ikaifanya. Ilikuwa safi. Haikuwa na kumbukumbu ya kitu chochote. Yusufu alisogeza kiti karibu na spika, akangoja. Kisha akaizima, ikashuka bila kosa. Akaiamsha, akangoja, akaegemeza kichwa ukutani.

Nje, ukungu ulikuwa unaanza kuachia mashamba. Élodie aliwaletea akina mama chai, akamletea na yeye kikombe, akakiweka kando ya kompyuta. Akamwona anaizima tena, anaiamsha tena, sikio lake likiwa limegusa kisanduku, na akaenda kwa vidole vya miguu ili asimsumbue. Alidhani bado anapima.